Bibi aliyewajua tembo kwa nyayo tu

Jumapili moja ya Mei mwaka jana, saa mbili usiku, mtoto wa miaka tisa alikaa sebuleni kwao Mbagala, Dar es Salaam, akisubiri simu ya mama yake iite Nandagala. Siku moja kabla, shule yao ilikuwa imewapeleka Hifadhi ya Taifa Mikumi. Alirudi usiku akiwa amelala kwenye basi, akabebwa mpaka kitandani, na tangu alipoamka alikuwa na shauri moja tu: Bibi awe wa kwanza kusikia.

“Shikamoo Bibi!”

“Marahaba, mume wangu. Hujambo?”

“Sijambo. Bibi, jana nimewaona tembo! Kumi na mmoja! Na mtoto wao mdogo!”

Upande wa pili ukawa kimya. Mama alidhani mtandao umekatika.

“Walikuwa wanakula nini?” Bibi akauliza hatimaye.

“Majani.”

“Haya. Waambie wabaki hukohuko.”

Mtoto alicheka. Bibi hakucheka. Aliomba kuzungumza na mama mtu, naye akatoka na simu barazani. Aliporudi ndani, uso ulikuwa umebadilika.

Wiki hiyohiyo, tembo walikuwa wameingia shambani kwa Bibi usiku mara mbili mfululizo. Walimaliza mahindi yaliyokuwa yanasubiri kuvunwa, wakaendelea na mtama uliokuwa umeanza kukomaa. Karibu ekari moja na nusu ilikuwa imelala chini. Bibi, mwenye miaka 69, alikuwa juu ya dungu peke yake, akipiga debe mpaka mkono ukafa ganzi. Hakumpigia mtu simu. Watu wa Dar, alisema, wangefanya nini?

Mtoto alikuwa amesikia maneno mawili matatu kupitia dirishani. “Mama,” aliuliza, “kumbe Bibi hapendi tembo?”

Mama huyo ni fundi cherehani, na kwa kawaida hakosi jibu la kumpa mtoto. Usiku ule alimwambia akapige mswaki.

Likizo bila tuisheni

Kwa miaka mitatu, likizo ya Juni katika nyumba ile ilikuwa ya tuisheni. Mume ni dereva wa malori ya mizigo, mara nyingi yuko njiani, na mke ana oda za sare za shule zinazomfunga kwenye mashine. Kumwacha mtoto kwa mwalimu wa mtaani ilikuwa rahisi kuliko kumpeleka Lindi. Mara ya mwisho mtoto kulala nyumbani kwa Bibi alikuwa na miaka mitano, na alichokumbuka ni kuku mmoja mwekundu.

Safari hii mama aliamua tofauti. Anasema hakufanya hivyo kwa kuwa alijua la kumfundisha mtoto. Alifanya hivyo kwa sababu swali lile lilimshinda. Yeye mwenyewe alizaliwa Nandagala mwaka 1983, akaondoka akiwa na miaka 14 kwenda sekondari, na katika utoto wake wote tembo alikuwa mnyama wa hadithi. Miaka ile majangili walikuwa wamewapunguza mno katika ukanda mzima wa kusini, mpaka serikali ikaendesha Operesheni Uhai mwaka 1989 kuwasaka. Kizazi chake kilikua kikilinda mashamba dhidi ya nguruwe pori na nyani. Habari za dungu kuvunjwa na tembo alizisikia akiwa tayari na watoto wake.

Basi likaondoka Mbagala alfajiri. Mtoto alihesabu madaraja mpaka wakavuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, akalala Nangurukuru, akaamka Lindi. Walipita Mtama, na Nanganga wakaiacha barabara ya Masasi, wakashika ya Ruangwa. Kutoka hapo ni mikorosho mpaka macho yachoke.

Nandagala ni kijiji ambacho Watanzania wengi walikisikia baada ya Novemba 2015, Kassim Majaliwa alipoapishwa kuwa Waziri Mkuu, kwa kuwa ndiko nyumbani kwake. Kwa wenyeji ni kijiji cha korosho, ufuta, mbaazi na mahindi, kama vingine vya Ruangwa na jirani zao wa Nachingwea. Nyumba ya Bibi iko kijijini. Shamba lake la nafaka liko mbali, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa miguu, upande wa bonde na pori.

Kamba ya kuanikia nguo

Asubuhi ya pili Bibi alimchukua mjukuu shambani. Mjomba alitangulia na panga, mama akafuata nyuma.

Mtoto alikuwa ametarajia kuona shamba. Alichokuta ni mabua yaliyokanyagwa, matuta yaliyofumuliwa na mpapai uliong'olewa na mizizi yake. Dungu lilikuwa bado limesimama, limeegemea mkorosho, na chini yake madebe mawili yaliyobonyea. Kuzunguka upande wa bonde kulikuwa na kamba iliyofungwa vitambaa vilivyochovywa katika pilipili ya kusaga na oili chafu. Harufu yake huwakera tembo. Lakini mvua hushusha nguvu ya pilipili, na mwaka ule mvua za mwisho zilikuja Bibi akiwa hajapata oili nyingine.

Katika udongo uliokauka kulikuwa na nyayo. Mtoto aliingiza miguu yake miwili ndani ya moja, na nafasi ikabaki.

Hapo akakumbuka jambo. Kule Mikumi, muongozaji wao alikuwa amewaambia kwamba ukipima mzunguko wa unyayo wa mguu wa mbele wa tembo, kisha ukazidisha mara mbili, utapata karibu kimo chake mpaka begani. Alimwomba mama futi kamba, ile ya dukani, ambayo haitoki kwenye mkoba wake. Mama akainama, akapima unyayo kama anavyopima kiuno cha mteja. Sentimita 118.

Jioni mtoto alifungua kamba ya kuanikia nguo, akakata urefu wa sentimita 236 na kuuinua kwenye ukuta wa nyumba ya Bibi, Mjomba akimshikia ncha ya juu. Ilipita fremu ya mlango.

“Bibi, alikuwa hivi!”

Bibi alisimama mbele ya ukuta kwa muda mrefu, mkono kiunoni.

“Mrefu hivyo?” alisema. “Na mimi nampigia debe!”

Ndipo mama alipogundua jambo ambalo hakuwahi kulifikiri. Mama yake hakuwahi kumwona tembo mchana, hata mmoja. Aliwajua kwa mabua yakivunjika gizani, kwa mngurumo aliodhani ni wa matumbo yao, kwa kivuli kizito kinachopita kati ya mikorosho, na asubuhi kwa nyayo. Kwa karibu miaka 10 alikuwa akigombana na mtu asiyemjua sura.

Walikotoka watu wa Bibi

Usiku ule, baada ya ugali wa mtama na kisamvu, mtoto aliuliza lile swali lake mwenyewe, mbele ya wote. “Bibi, kwani hupendi tembo?”

Bibi hakujibu moja kwa moja. Alianza kueleza habari za mama yake mzazi.

Mama yake hakuwa Mmwera kama majirani wengi wa Nandagala. Alikuwa Mngindo, aliyezaliwa mbali upande wa magharibi, katika nchi ya Liwale, kijiji ambacho leo hakipo. Akiwa binti mdogo, watu wa kwao waliambiwa wahame. Walibeba vinu, kuku na mbegu, wakaacha makaburi na miembe. Baadhi ya ndugu walibaki karibu na Liwale. Familia yake ilisogea mashariki kidogo kidogo, akaolewa, na Nandagala ikawa nyumbani.

Simulizi hiyo ina sehemu yake katika historia iliyoandikwa. Wajerumani walianza kutenga ardhi karibu na Mto Rufiji kwa ajili ya wanyamapori mwaka 1896. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza waliliita pori hilo Selous, kwa kumbukumbu ya Frederick Courteney Selous, mwindaji na askari aliyeuawa vitani karibu na Beho Beho Januari 1917. Miaka ya 1940 pori lilipanuliwa kuelekea kusini, na maelfu ya watu, wengi wao Wangindo wa Liwale, wakahamishwa. Sababu iliyotajwa ilikuwa ugonjwa wa malale. Bwana nyama mmoja wa serikali ya kikoloni, Constantine Ionides, aliyefanya kazi Liwale miaka mingi, alisukuma sana upanuzi huo, kwa kuwa aliona tembo na watu hawawezi kukaa pamoja.

Selous iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982. Mwaka 2019 sehemu yake kubwa, kilomita za mraba 30,893, ikafanywa Hifadhi ya Taifa Nyerere. Hifadhi hiyo peke yake ni kubwa kuliko nchi ya Rwanda.

Bibi hakuyajua majina hayo yote. Alijua miembe. Mama yake, alisema, mpaka anafariki alikuwa akiitaja miembe ya kwao, na kusema kwamba sasa wanaoila ni tembo.

“Sisi tuliondoka tukawaachia,” Bibi alimwambia mjukuu. “Sasa wametufuata.”

Mtoto akanyamaza. Kisha akauliza kama Bibi angependa kuwaona, mchana, kwenye gari, mahali ambapo hawawezi kula chochote cha kwake.

Mjomba aliangua kicheko. Bibi akasema wagonjwa wa macho kama yeye hawaendi kutazama wanyama. Hakukataa.

Kifuta jasho

Kulikuwa na jambo jingine la kushughulikia kabla ya kurudi Dar. Mama alitaka kujua kama Bibi amepata chochote kwa mazao yaliyoliwa.

Tanzania ina kanuni za mwaka 2011 zinazotoa malipo kwa wananchi walioathiriwa na wanyama wakali. Kwa mazao huitwa kifuta jasho. Kwa aliyejeruhiwa, na kwa familia iliyofiwa, huitwa kifuta machozi. Serikali imekuwa ikisisitiza kwamba si fidia, na jina lenyewe linalieleza hilo: jasho linafutwa, halirudishwi. Malipo ya mazao hukadiriwa kwa ekari, yana kikomo cha ekari, na mwenye shamba lililo karibu mno na mpaka wa hifadhi hapati. Ili yapatikane, uharibifu lazima uripotiwe mapema kwa mtendaji wa kijiji, ofisa aje kuuona, fomu zijazwe.

Bibi alikuwa ameripoti msimu wa kwanza, miaka iliyopita. Alipoulizwa ni lini hasa, ekari ngapi, tembo wangapi, hakuwa na maandishi. Msimu uliofuata hakuripoti. Wengi wa rika lake hufanya hivyo. Wanaona safari ya kwenda ofisini ni hasara juu ya hasara.

Mama alitumia siku tatu za mwisho kumshawishi aachane na shamba lile na kuhamia Mbagala. Chumba kipo, hospitali iko karibu, na mtu wa miaka 69 hana la kufanya juu ya dungu usiku. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

“Mama yangu alihamishwa,” alisema. “Mimi sihami.”

Mama anakiri kwamba alipanda basi akiwa amekasirika. Anasema alikuwa amekwenda Nandagala ili mtoto amwelewe bibi yake, na hakufikiri kwamba na yeye alikuwa hamwelewi.

Safari ya Septemba

Bibi alikuja Dar mwezi Septemba kwa ajili ya kliniki ya macho. Mtoto alikuwa katika likizo fupi na hakuwa amesahau.

Mama alivunja kibubu. Mume aliongeza fedha za kukodi gari dogo Morogoro kwa siku moja, kwa kuwa kinachokula fedha katika safari kama hiyo ni gari. Kiingilio cha mwananchi hulipwa kwa shilingi na ni sehemu ndogo tu ya kile anacholipa mgeni kwa dola. Walibeba vitambulisho, maji, maandazi na mihogo ya kuchemsha. Septemba ni wakati mzuri, maana katikati ya kiangazi nyasi ni fupi na wanyama hukusanyika kwenye maji.

Walipanda treni ya mwendokasi alfajiri mpaka Morogoro. Bibi alikaa dirishani akiwa amekunja mikono, akasema baba yake aliwahi kupanda treni Nachingwea. Mtoto hakuamini. Lakini ni kweli kwamba reli ilikuwepo. Waingereza waliijenga kutoka pwani mpaka Nachingwea kwa ajili ya mpango mkubwa wa karanga ulioanza 1947 na kuanguka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mataruma yakang'olewa. Mtoto aliuliza kama tembo ndio waliozila karanga. Bibi alicheka kwa mara ya kwanza safari ile.

Mikumi ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1964. Waliingia getini saa nne, wakachukua muongozaji, wakashika njia ya mbuga ya Mkata. Walikuta pundamilia, nyumbu, twiga na viboko bwawani. Bibi alivitazama kwa adabu, kama mgeni anayeonyeshwa picha za harusi asiyoihudhuria.

Saa sita kasoro muongozaji akazima gari.

Walitoka upande wa kushoto, kwenye miti, mmoja nyuma ya mwingine. Mbele alikuwa jike mkubwa, sikio moja limechanika. Nyuma yake majike wengine wanne, vijana, na mtoto mdogo aliyekuwa akijikwaa kwenye mkonga wake mwenyewe. Walivuka barabara mbele ya gari, kwa umbali kama wa vyumba vitatu. Yule mkubwa alisimama katikati ya njia, akageuza kichwa, akalitazama gari mpaka wa mwisho alipovuka.

Mtoto alimtazama Bibi. Bibi alikuwa ameshika ukingo wa kiti cha mbele kwa mikono miwili.

“Ndiye huyu,” alisema kwa sauti ya chini. “Ndiye mwizi wangu.”

Shamba la nani

Muongozaji alikuwa kijana, lakini mwenye subira. Alieleza kwamba kundi la tembo ni familia ya akina mama: bibi, mabinti zake, wajukuu. Madume wakikua huondoka. Anayeongoza kwa kawaida ni jike mzee kuliko wote, na ule mngurumo ambao Bibi alikuwa akiusikia gizani si wa tumbo. Ni namna yao ya kusemezana, na sehemu ya sauti hizo ni nzito mno, sikio la mtu halizisikii, ingawa tembo mwenzao huzipata kutoka kilomita kadhaa.

“Kwetu pia ukoo unafuata mama,” Bibi alisema.

Akaeleza jambo lililotokea Tarangire. Mwaka 1993 ukame mkali uliua ndama wengi wa tembo. Watafiti waliokuwa wakizifuatilia familia hizo waliona kwamba makundi yaliyotoka nje ya hifadhi kutafuta maji na malisho yalipoteza ndama wachache kuliko kundi lililobaki ndani. Makundi yaliyotoka yalikuwa na majike wazee, ambao umri wao uliwawezesha kuwa wameupitia ukame wa mwisho wa miaka ya 1950. Watafiti walifikia maoni kwamba wazee hao walikumbuka pa kwenda.

“Na yule mzee akiuawa?” Bibi aliuliza.

Muongozaji alisema hilo ndilo lililotokea sana. Majangili hutafuta meno makubwa, na meno makubwa huwa ya wazee. Katika miaka ya 1970 Selous ilihesabiwa kuwa na zaidi ya tembo 100,000. Sensa ya 2013 ilikuta 13,084. Tangu hapo ulinzi umeimarishwa na idadi imeanza kupanda.

Bibi alifikiri kidogo. “Ndiyo maana wanapita kwangu. Waliobaki hawana wa kuwaambia njia.”

“Wengine labda, Bibi,” kijana alijibu. “Lakini wengine wanapita kwako kwa sababu wanaijua njia vizuri. Njia yao ni ya zamani. Shamba ndilo jipya.”

“Shamba langu lina miaka thelathini.”

“Na yule mama pale anaweza kuwa na hamsini.”

Bibi alicheka, akapiga goti lake kwa kiganja. Kisha akaacha kucheka.

“Na mama yangu mimi?” aliuliza. “Alizaliwa kule kabla hakujaitwa hifadhi. Njia yake yeye iko wapi?”

Kijana hakuwa na jibu, wala hakujifanya analo. Ndani ya gari hakuna aliyesema neno. Nje, ndama alikuwa amepata mavumbi na anajimwagia.

Baadaye mama alisema kwamba dakika ile ndiyo aliyoilipia fedha za kibubu. Kama mtoto angekuwa ameishia kwenye safari ya shule, angebaki na tembo 11 na picha. Angeishia Nandagala peke yake, angebaki na mabua yaliyokanyagwa. Sasa alikuwa amekaa kati ya bibi yake na tembo, na amesikia kwamba wote wawili wana haki, na kwamba watu wazima bado hawajajua la kufanya. Hakuona sababu ya kumficha mtoto wa miaka tisa jambo hilo.

Daftari

Bibi alirudi Nandagala Oktoba, wakati wa korosho. Hakuna aliyemwomba tena ahame. Badala yake watoto wake wanne walikaa kwenye simu Jumapili mbili na kukubaliana mambo matatu. La kwanza, Bibi halali tena kwenye dungu. Kila mmoja anatoa kiasi kila mwezi wa Februari hadi Juni, na vijana wawili wa kijijini wanalipwa kulinda pamoja na Mjomba, kwa tochi zenye mwanga mkali na filimbi, bila kumsogelea mnyama. La pili, mahindi yamesogezwa karibu na kijiji, na ukingo wa bonde umepandwa pilipili, mizinga minne ya nyuki ikaning'inizwa kwenye waya kati ya miti, kwa kuwa tembo huogopa nyuki. La tatu ni la mtoto.

Mtoto alinunuliwa daftari la kurasa 96. Kila Bibi anapopiga simu kusema wamekuja, anaandika tarehe, saa, upande waliotokea, idadi iliyokadiriwa, zao lililoliwa na ukubwa wa eneo. Mjomba hupiga picha za nyayo na mabua na kuzituma kwa WhatsApp siku ileile, na asubuhi yake taarifa inafika kwa mtendaji wa kijiji ikiwa kamili. Fomu za msimu huu zimejazwa. Malipo bado yanasubiriwa.

Mpango huo haujawazuia tembo. Umewapunguza, na umemtoa mzee gizani. Wazazi wenye wazee katika vijiji vya namna hiyo watajua kwamba hilo si dogo.

Mei mwaka huu, Jumapili, saa mbili usiku, simu iliita Mbagala.

“Shikamoo Bibi.”

“Marahaba, mume wangu. Wamekuja.”

Mtoto akavuta daftari. “Saa ngapi?”

“Saa saba usiku. Mjomba wako aliwasikia kwanza.”

“Wangapi?”

“Sita, labda saba. Wamepita upande wa bonde.”

“Wamekula?”

“Mtama. Kama robo ekari. Kwenye mizinga hawakugusa.”

Aliandika. Kisha akauliza swali ambalo halina nafasi katika fomu yoyote.

“Yule mkubwa alikuwepo?”

Bibi alinyamaza kidogo, kama alivyonyamaza mwaka mmoja kabla.

“Nilitoka nje nikasikiliza,” alisema. “Wakubwa walikuwa wanasemezana, na kulikuwa na mdogo. Nilimsikia analia.”

“Niandike hilo?”

“Andika.”